Vichanga wa Kihansi: Chura Alivyotolewa Korongoni na Kurudishwa

Ukiifuata barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, mashamba ya mpunga yanatanda upande wa kushoto na milima ya Udzungwa inakusindikiza kulia. Mito mingi inayolilisha bonde la Kilombero hushuka kutoka milima hiyo, na Kihansi ni mmojawapo. Mto huu una papara. Katika mwendo wa kilomita chache tu hudondoka kiasi cha mita 850, na poromoko lake kubwa lina kimo cha mita 100 hivi. Chini ya poromoko hilo, maji yalipokuwa yakipasukia miamba, manyunyu yalilowesha majani usiku na mchana, masika na kiangazi. Eneo lenyewe lilikuwa kama hekta mbili. Humo, na si pengine popote duniani, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu: jike hazidi sentimita 2.9, dume 1.9.

Kimo kilekile kilichomlowesha chura ndicho kilichowavutia wahandisi. Maji yanayoanguka mita 850 yana nguvu kubwa hata kama mto wenyewe si mpana, kwa hiyo bwawa dogo lenye ukuta wa mita 25 lilitosha. Maji yalielekezwa kwenye handaki juu ya maporomoko, yakashuka ndani ya mlima hadi kituo kilichochimbwa chini ya ardhi, yakazungusha mashine tatu za megawati 60 kila moja, kisha yakarudishwa mtoni chini ya korongo. Umeme ukapelekwa Iringa na Kidatu. Kwa shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, na kwa nchi iliyokuwa ikipata mgao wa umeme kila mvua zikikosekana, megawati 180 zilikuwa jambo kubwa mno.

Tatizo lilikuwa katika mpangilio wa kazi. Ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza pale watafiti, miongoni mwao Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipomkuta chura huyu Desemba 1996. Kufikia hapo, mahali pa kuchukulia maji na mahali pa kuyarudishia palikuwa pamekwisha kuamuliwa, na korongo lilibaki katikati ya sehemu hizo mbili. Wastani wa mita za ujazo 16 kwa sekunde uliokuwa ukipita maporomokoni ulishuka chini ya mbili mashine zilipoanza kufanya kazi. Kila kilichofuata kwa zaidi ya miaka ishirini, pamoja na gharama zake zote, kilitokana na uchunguzi wa viumbe uliofika baada ya michoro kupitishwa. Ungefanywa miaka michache mapema, mjadala wa kiasi cha maji ya kuachia korongo ungefanyika mezani, kwa penseli na karatasi.

Korongo lilikauka haraka. Mimea laini ya unyevunyevu iliyotandaza zulia la kijani juu ya miamba ilianza kufa, na magugu na vichaka vya nchi kavu vikaingia. Siafu nao wakapenya mahali ambapo maji yalikuwa yamewazuia. Chura mwenye ngozi nyembamba, aliyezoea kulowa saa zote, alijikusanya kwenye vipande vichache vilivyobaki na unyevu.

Hatua ya kwanza ya uokoaji ilifanyika palepale korongoni. Kati ya mwaka 2000 na 2001 yalitandazwa mabomba yenye vinyunyizio katika maeneo matatu ya manyunyu. Maji yalikingwa juu na kushushwa kwa mteremko, yakapenya kwenye vitundu vidogo na kutoka kama ukungu. Ni kazi ya ustadi zaidi kuliko inavyosikika. Matone yakiwa makubwa, yanakuwa mvua na kuwaangusha vyura kutoka kwenye majani. Mchanga ukiingia bombani, vitundu huziba, na kipande chote cha majani hukauka. Maporomoko yalikuwa pia yakileta upepo wao wenyewe, uliosambaza unyevu hadi kwenye nyufa za miamba, na hakuna bomba linalotoa upepo huo. Hata hivyo mfumo ulifanya kazi. Mimea ya unyevunyevu ilianza kurudi, na idadi ya vyura ikapanda. Watafiti walipohesabu Juni 2003, kwa kupima vipande vidogo vya ardhi na kukadiria eneo lote, walipata vyura wapatao 20,000.

Hatua ya pili ilikwenda sambamba na hiyo, kama tahadhari. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa kwa mikono na kusafirishwa kwa ndege hadi Marekani. Walipokelewa na bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, kisha wakagawanywa kwa bustani nyingine, ikiwemo ya Toledo katika jimbo la Ohio. Uchambuzi wa mradi huu unapaswa kukaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo kazi ilipokaribia kushindikana.

Kumhamisha chura mzima si kazi ngumu sana. Kumlea mwanawe ndiyo mtihani. Vyura wengi hutaga mayai majini, mayai huwa viluwiluwi, na mfugaji anaweza kulea mamia yao katika beseni moja. Chura wa Kihansi hana hatua hiyo. Jike hubeba mimba na kuzaa watoto waliokwisha kukamilika, kumi hivi kwa uzazi mmoja, pengine zaidi. Kwa mahali alipotokea, huo ni mpango bora: kwenye mwamba ulioinama, chini ya maji yanayodondoka kwa kishindo, kiluwiluwi angesombwa siku ya kwanza. Lakini ndani ya kizimba cha kioo, kila kichanga ni chura kamili wa milimita tano, mfupi kuliko punje ya mpunga wa Kilombero, anayetakiwa kuwinda tangu siku ya kuzaliwa.

Anawinda nini? Hawezi kummeza nyenje wa kawaida, wala nzi wa nyumbani. Anahitaji vidudu vya udongo vinavyoruka, nzi wadogo wa matunda, na nyenje waliototolewa siku hiyohiyo. Kwa hiyo walezi walilazimika kuwa wafugaji wa wadudu kabla ya kuwa wafugaji wa vyura, na ufugaji huo haukuwa na sikukuu. Wadudu wa maabara, waliokuzwa kwa chakula cha aina moja, hawana virutubisho walivyo navyo wadudu wa msituni, hivyo walinyunyiziwa unga wa vitamini na kalsiamu kabla ya kuliwa. Taa zikabadilishwa ili zitoe mionzi ya urujuanimno ambayo chura huihitaji kujenga mifupa. Maji yalisafishwa na kurushwa kama ukungu kwa mitambo iliyojiendesha.

Mengi ya hayo hayakujulikana mwanzoni, na gharama ya kutojua ililipwa kwa vifo. Vyura walikufa kwa maradhi ya lishe, kwa minyoo ya mapafu, kwa maambukizi. Bustani moja baada ya nyingine ikapoteza kundi lake. Kufikia mwaka 2004 walikuwa wamebaki kama 70 tu, Bronx na Toledo. Mtu aliyeipima kazi hiyo mwaka huo angekuwa na haki ya kusema imeshindwa.

Na mwaka huohuo korongo nalo lilinyamaza. Miezi michache baada ya ile hesabu ya 20,000, idadi ya vyura ilianguka ghafla. Januari 2004 watafiti walioingia korongoni waliona watatu, wakasikia madume wawili wakiita. Mambo matatu yalikuwa yametokea karibu kwa wakati mmoja: vinyunyizio viliharibika katika kiangazi, milango ya bwawa ilifunguliwa kusafisha tope, na tope hilo lilikuwa na viuatilifu vya mashamba ya mahindi yaliyo juu ya mto, na kuvu wa ngozi aitwaye kitridi, ambaye amewamaliza vyura katika mabara kadhaa, akagunduliwa Kihansi. Chura hupitisha maji na chumvi kwenye ngozi yake. Kuvu huyo akiishika ngozi, chumvi za mwili huvurugika hadi moyo unasimama. Wengi wanamtaja kitridi kama mshukiwa mkuu, na kasi ya vifo inaunga mkono hoja hiyo. Ila si busara kuyasahau yale mawili mengine. Mnyama aliyebanwa kwenye hekta mbili hana pa kukimbilia siku mabomba yanapokatika.

Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka mwituni. Wale 70 na vizazi vyao ndio waliokuwa wamebaki duniani.

Hapa inafaa kumtazama mnyama wa mbali, sili wa Hawaii. Tatizo la wataalamu wake nalo lilikuwa watoto: wengi hawakuvuka mwaka wa kwanza, kwa njaa, kwa papa na kwa madume wakali. Kati ya mwaka 1981 na 1991, katika kisiwa cha Kure, watoto wa kike walioachishwa ziwa walikuwa wakiwekwa ndani ya uzio ufukweni katika miezi yao ya kwanza ya kujitegemea, kisha wanaachiwa. Mama aliendelea kuzaa ufukweni kwake. Kilicholindwa ni kile kipindi kifupi ambacho mtoto hufa kirahisi. Kihansi haikuwa na njia hiyo. Baada ya 2004 hakukuwa na mama mwituni wa kuendelea kuzaa, kwa hiyo mzunguko mzima wa uzazi ulilazimika kufanyika ndani ya vioo, kizazi baada ya kizazi, huku walezi wakijua kwamba kosa moja la lishe au ugonjwa lingeweza kumaliza aina nzima ya kiumbe.

Walezi wa Bronx na Toledo walijifunza kutokana na vifo. Kila chura aliyekufa alipasuliwa na chanzo kikaandikwa. Mwanga ulirekebishwa, chakula cha vichanga kikapangwa upya, makundi yakatenganishwa ili ugonjwa usivuke. Idadi ikapanda hadi maelfu. Kazi hiyo ya kuandika kila kifo, isiyo na shangwe yoyote, ndiyo iliyomwokoa chura huyu kuliko kitu kingine chochote.

Agosti 2010 vyura 100 walisafirishwa hadi Dar es Salaam, kwenye kituo kilichojengwa Chuo Kikuu. Wafugaji Watanzania walikuwa wamejifunza kazi hiyo, na kituo kingine kikawekwa Kihansi kwenyewe. Uamuzi huu unastahili sifa. Ingekuwa rahisi kuwafungua vyura korongoni moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, kupiga picha, na kuondoka. Badala yake walipitishwa hatua kwa hatua: kwanza hewa na maji ya Tanzania ndani ya maabara, kisha wadudu wa hapa, kisha udongo na majani kutoka korongoni.

Jaribio la udongo ndilo lililokuwa na uzito. Kama kitridi angali yupo korongoni, kuwarudisha vyura kungekuwa kuwapeleka kifoni. Kwa hiyo baadhi waliwekwa pamoja na udongo na majani yaliyodhaniwa kuwa na kuvu, wakachunguzwa kama wanaugua. Walipostahimili, kundi la majaribio la vyura 48 lilipelekwa korongoni. Vizimba vya wavu vilitumika, ili chura alowe manyunyu yaleyale na ale wadudu walewale, lakini aweze kuonekana na kuhesabiwa. Baadaye mwaka 2012 zaidi ya vyura 2,000 wakaachiwa huru, na wengine wakafuata miaka iliyokuja. Kumrudisha nyumbani chura au salamanda aliyekwisha kutangazwa kutoweka mwituni lilikuwa jambo lisilowahi kufanyika popote.

Watanzania wengi wanamjua chura huyu kutokana na swali moja, lililoulizwa hadi bungeni: kwa nini fedha nyingi namna hii kwa vyura? Swali ni halali, na linastahili jibu la kiufundi. Sehemu kubwa ya gharama haikutokana na chura, ilitokana na kuchelewa. Mabomba, ndege, vituo viwili vya kuzalishia na usimamizi wa miaka mingi chini ya baraza la taifa la mazingira, NEMC, vilikuwa fidia ya kiasi cha maji ambacho hakikutengwa mapema. Na korongo hilo lina zaidi ya chura: kuna mbuni wa mwituni, Coffea kihansiensis, ambao haujapatikana mahali pengine. Katika nchi inayouza kahawa, mbegu ya namna hiyo ina thamani ambayo bado haijapimwa.

Mwaka 2015 IUCN ilipomtathmini tena, ilimwacha chura wa Kihansi katika kundi la waliotoweka mwituni. Sababu ni kwamba kuwaachia vyura wazima na kuwaona wiki chache baadaye hakuthibitishi kitu. Kinachohesabika ni vichanga: waliozaliwa chini ya manyunyu, wakala wadudu waliowakamata wenyewe, wakavuka kiangazi, na wakazaa bila kuongezewa wenzao kutoka maabara. Ndiyo maana anayeingia korongoni kufanya hesabu huinama karibu kabisa na majani, akitafuta alama ya milimita tano, wakati mwenzake akikagua mabomba juu yake, kitundu kwa kitundu.