Filamu zetu zina masikio, tamthilia zina watazamaji

Wanafunzi hapa Thika hawachoki kubishana: kati ya filamu zetu na tamthilia za runinga, zipi bora? Wengi huzipa filamu ushindi kwa sababu ya kamera na mwangaza. Mimi nina kipimo kingine. Ipe skrini kisogo, usikilize tu. Je, utamtambua anayesema?

Chukua Nairobi Half Life (2012) yake David Tosh Gitonga. Mwas, kijana wa kijijini anayetamani kuwa mwigizaji, hasemi kama majambazi anaojikuta kati yao jijini. Kikuyu, Kiswahili na Sheng vinapishana kutegemea nani anamwambia nani. Katika Supa Modo (2018) yake Likarion Wainaina, Jo ni mtoto mgonjwa, na maneno yake ni ya mtoto kweli.

Sasa sikiliza tamthilia nyingi za jioni. Wahusika huambiana wanayoyajua tayari: "Wewe ni dadangu, na baba alipofariki ndiwe uliyenilea." Kwani dada mwenyewe hajui? Tajiri, mpishi na bawabu wote wana Kiswahili kimoja, utadhani walilelewa nyumba moja. Sababu iko wazi. Tamthilia ya kila siku humdai mwandishi kurasa mpya kila kukicha. Mswada wa filamu waweza kuandikwa upya mara kadhaa kabla ya kamera kuwashwa.

Hata hivyo, tusiidharau runinga. Maria, Zora na Sultana za Citizen ziliingia sebuleni bila kiingilio. Supa Modo ilianza kuonyeshwa Berlin, na wengi wa Ruiru hawajaiona hadi leo. Kwa mtoto wa Makongeni au Kiandutu, huenda Kiswahili cha tamthilia ndicho anachosikia zaidi nje ya darasa. Aidha, runinga ina muda. Tausi ya KBC, miaka ya 1990, ilitukalisha na wahusika hadi tukawajua kama majirani. Filamu ya saa moja na nusu haina nafasi hiyo.

Uamuzi wangu basi: kwa usemi, filamu zinaongoza, kwa uzito, runinga. Ndiyo maana vituo viongeze waandishi, viwape muda, na kila mswada usomwe kwa sauti kabla ya kurekodiwa. Gharama yake sio kubwa kuliko ya taa na kamera.