Moshi Juu ya Dari: Somo la Heathrow kwa Msafiri wa Kitale na Bungoma

Alasiri ya tarehe 12 Julai 2013, mfanyakazi wa mnara wa kuongozea ndege huko Heathrow, London, aliona moshi ukifuka kutoka kwenye ndege ya Ethiopian Airlines. Ndege hiyo, Boeing 787, ilikuwa imeegeshwa tangu asubuhi. Umeme ulikuwa umezimwa na hapakuwa na mtu ndani.

Shaka ya kwanza iliangukia betri zake kubwa. Mwaka huo huo ndege zote za aina hiyo zilizuiwa kuruka kuanzia Januari kwa sababu ya betri hizo. Ethiopian ndiyo iliyotangulia kuzirudisha kwa abiria, Aprili 27, kwa safari ya Addis Ababa hadi Nairobi. Lakini moto wa Heathrow ulikuwa nyuma kabisa, juu ya dari, karibu na mkia. Betri kubwa hazikai huko.

Wazima moto walipoingia, kila walivyosogea nyuma ndivyo moshi ulivyozidi kuwa mzito. Waliona dalili za moto juu ya dari. Walijaribu kizima moto cha mkono chenye gesi ya haloni, moto haukuzimika. Ikabidi waondoe kipande cha dari na kuumwagia maji.

Kitengo cha Uingereza cha kuchunguza ajali za ndege, AAIB, kilitoa ripoti kamili Agosti 2015. Chanzo kilikuwa kifaa kinachotuma ishara za dharura ndege inapoanguka. Kifaa hicho kina betri yake ndogo ya lithiamu yenye seli tano. Nyaya za betri zilikuwa zimebanwa chini ya kifuniko. Yaelekea ziligusana, ikawa shoti. Seli moja ikapata joto kupita kiasi, ikaanza kujichoma yenyewe na kuambukiza zile za jirani. Kinga iliyowekwa ndani ya betri ili kuzuia shoti haikufanya kazi kama ilivyotarajiwa.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotisha. Mwili wa 787 umeundwa kwa nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Joto la betri liliivunja gundi hiyo ikatoa gesi zinazowaka, na moto ukaendelea kujilisha polepole mahali ambapo hapakuwa na mtambo wowote wa kuuzima. Ndege hiyo ilitengenezwa, na kabla ya mwaka kwisha ikarudi kazini. Hata hivyo AAIB ilionya kwamba moto wa namna hiyo ukitokea angani utawapa wahudumu mtihani mgumu. Heathrow kulikuwa na magari ya zimamoto na maji tele. Angani kuna vizima moto vichache vya mkono, na muda ni ule tu wa kufikia uwanja wa karibu.

Anayetoka Kitale na kupandia ndege Eldoret, au anayetoka Bungoma na kupandia Kisumu, anaweza kubeba hatari ile ile mfukoni. Pawabenki ni betri ya lithiamu. Ikipondwa, au betri ya akiba isiyofunikwa ncha zake ikagusana na funguo au sarafu, shoti kama ya Heathrow inaweza kutokea. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinakataza pawabenki katika mizigo inayoingizwa tumboni mwa ndege. Huko haloni hupunguza miali, lakini haiwezi kusimamisha joto linalozalishwa ndani ya seli. Seli inahitaji kupozwa, na maji ndiyo hupoza. Pawabenki ikiwa karibu nawe, mhudumu ataifikia.

Kiwango cha kawaida kinachoruhusiwa bila kibali ni wati-saa 100. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, kwa hiyo inaruhusiwa. Kwenye ndege ndogo, mkoba wa mkononi ukichukuliwa mlangoni kwenda kwa mizigo, toa pawabenki kwanza. Fundi au muuza simu anayesafiri na betri za akiba azifunike ncha kwa utepe, kila moja peke yake.

Ukinusa harufu ya plastiki inayoungua, usione haya kumwita mhudumu. Simu ikipotelea ndani ya kiti, usikisogeze kiti, maana kinaweza kuiponda. Na usitegemee barakoa za oksijeni zinazoshuka kutoka darini: zimewekwa kwa ajili ya upungufu wa hewa, na huchanganya oksijeni na hewa ya ndani ya ndege, moshi ukiwemo. Moshi ukitanda, inama, funika pua na mdomo kwa kitambaa, ufuate maagizo.

Mashirika yanayohudumia Eldoret na Kisumu yana jukumu pia. Swali la betri liulizwe kwenye kila kaunta, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla mzigo haujapokelewa. Nyaya zilizobanwa vibaya zilichangia kuichoma ndege ya kisasa kabisa. Msafiri, kagua mkoba wako kabla ya kutoka nyumbani.