Kuvuma na Kudumu: Kipimo cha Mafanikio katika Michezo Mepesi ya Video

Kwa miaka mingi mchezo wa video ulihesabiwa kuwa umevuma pale nakala zake zilipouzwa kwa wingi. Myst, uliotoka mwaka 1993, uliuza nakala zaidi ya milioni 6 na kuongoza michezo ya kompyuta hadi ulipopitwa na The Sims mwaka 2002. Hicho kilikuwa kipimo cha dukani. Mnunuzi alilipa mara moja, na kama aliuacha mchezo baada ya siku mbili, hesabu haikubadilika.

Michezo mepesi, yaani ile inayochezwa kwa dakika chache bila kuhitaji ujuzi wa awali, imekivuruga kipimo hicho. FarmVille, uliozinduliwa na kampuni ya Zynga kwenye Facebook Juni 2009, ulitolewa bure. Mwanzoni mwa 2010 ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Anayehesabiwa hapa si mnunuzi bali mrejeaji, na hesabu hiyo imeingia ndani ya sanaa yenyewe. Stroberi za FarmVille ziliiva baada ya saa 4. Aliyechelewa mno alizikuta zimenyauka. Mhakiki anayeuliza tu kama michoro inapendeza atakuwa ameukosa ufundi wake, kwa kuwa ufundi huo umo katika ratiba.

Upande wa fedha ni mgumu zaidi. Nyaraka za kampuni ya King, zilizotolewa ilipokuwa ikijiandaa kuuza hisa mwaka 2014, zilionyesha kuwa wachezaji waliolipa walikuwa takriban 4 katika kila 100. Kampuni hiyo ilitegemea zaidi Candy Crush Saga. Waliouvumisha mchezo na waliougharimia, basi, ni hadhira mbili, na neno “mafanikio” huzifunika zote kwa shuka moja.

Kiswahili kina neno kali zaidi: kuvuma, la ngoma na la upepo. Wahenga walinena kuwa ngoma ivumayo haidumu. Flappy Bird wa Dong Nguyen, wa Vietnam, unaelekea kuwaunga mkono: ulitoka Mei 2013, ukaongoza orodha za upakuaji Januari 2014, na mwezi uliofuata mwenyewe akauondoa, akieleza kuwa umegeuka uraibu. Candy Crush Saga unawapinga. Kelele zake zimepoa, wachezaji wangalipo.

Kwa washauri wa sera katika ukanda huu, ambako wengi huchezea simuni, idadi ya upakuaji ni ushahidi dhaifu. Mchezo uliofutwa jioni ile ile huhesabiwa sawa na unaofunguliwa kila alfajiri, na takwimu za urejeaji humilikiwa na kampuni zenyewe. Uhifadhi nao umo mashakani. Diski za Myst zingalipo. FarmVille ulizimwa tarehe 31 Desemba 2020, na hakuna kasha ambalo maktaba ingeweza kuliweka rafuni.