Mirai: jinsi kamera za ulinzi zilivyotekwa, na linalomhusu anayefunga kamera leo

Tarehe 21 Oktoba 2016, watu wengi nchini Marekani, hasa wa pwani ya mashariki, walishinda saa kadhaa bila kuweza kufungua Twitter, Netflix, Reddit wala Spotify. Tovuti hizo zenyewe zilikuwa nzima. Iliyokuwa imezidiwa ni Dyn, kampuni iliyozihudumia kwa kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba ambazo kompyuta hutumia kutafutana. Maombi ya uongo yalimiminwa kwenye seva zake kutoka kwenye vifaa ambavyo Dyn baadaye ilikadiria kuwa vilifikia 100,000. Miongoni mwa vifaa hivyo zilikuwamo kamera za ulinzi na mashine za kurekodia picha zake, zilizofungwa madukani na majumbani na watu waliotaka usingizi mnono.

Nimelichagua tukio hili kwa sababu kwetu mazungumzo ya kununua kamera huanzia kwenye megapikseli na kuishia kwenye bei. Mirai, programu iliyoziteka kamera hizo, inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya usalama wa mfumo huamuliwa dukani, kabla fundi hajapanda ngazi.

Tuanze na namna ilivyofanya kazi, maana nguvu yake ilikuwa katika wepesi wake. Kila kifaa kilichotekwa kilipewa kazi ya kutafuta kingine. Kilibuni anwani za intaneti kwa bahati nasibu na kuzibishia hodi kwenye mlango namba 23, na mara chache mlango namba 2323. Hiyo ni milango ya Telnet, njia ya zamani ya kuendesha kompyuta kwa maandishi ukiwa mbali, ambayo haifichi hata nywila inaposafiri. Mlango ukiitika, kifaa kilijaribu majina na nywila kutoka kwenye orodha iliyobebwa ndani ya programu yenyewe. Orodha hiyo ilikuwa na jozi 62 tu: admin na admin, root na 123456, root na xc3511, na nyingine za aina hiyo, zote zikiwa nywila za kiwandani.

Jozi moja ikikubali, kifaa kilituma taarifa kwa seva ya wahalifu: anwani ni hii, nywila ni hii. Seva nyingine ikaingia, ikatazama kifaa kina prosesa ya aina gani, kisha ikapakia toleo la Mirai linaloendana nayo. Kazi yote ilifanywa na mashine, na hakuna mtu aliyehitaji kuijua kamera ya fulani iko mtaa gani.

Ikishaingia, Mirai ilijifuta kwenye hifadhi na kubaki kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ilijibadilisha jina ili isionekane, kisha ikaua huduma za kuingilia kifaa kwa mbali, pamoja na Telnet yenyewe iliyoipitishia, ili mhalifu mwingine asiingie nyuma yake. Ukizima kamera na kuiwasha, Mirai ilitoweka. Lakini nywila ikiwa ni ileile, kifaa kilichorudi hewani kingeweza kutekwa tena ndani ya dakika chache. Muda wote huo kamera iliendelea kurekodi kama kawaida, na mwenye nyumba hakuona tofauti yoyote kwenye skrini. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, kwa kuwa aliyeumia ni mtu mwingine kabisa, nchi nyingine, na mwenye kifaa hakuwa na dalili ya kumwamsha.

Kwa nini kamera hasa? Fikiri jinsi kamera inavyoishi. Inawaka saa 24, hakuna anayekaa mbele yake kama anavyokaa mbele ya kompyuta, haina programu ya kuwinda virusi, na imeundwa kutuma data nyingi bila kupumzika. Kifaa kimoja kinachoweza kutuma megabiti 6 kwa sekunde hakimtishi mtu. Vifaa 100,000 vya namna hiyo ni gigabiti 600 kwa sekunde. Hesabu hiyo iko karibu sana na kilichompata mwandishi wa habari za usalama wa mtandao Brian Krebs, ambaye tovuti yake ilishambuliwa tarehe 20 Septemba 2016 kwa kiasi cha gigabiti 620 kwa sekunde. Kampuni ya Akamai, iliyokuwa ikimlinda bure, ilishindwa kuendelea kuubeba mzigo huo, na Google ikampokea chini ya mradi wake wa Project Shield. Siku hizohizo kampuni ya Ufaransa ya OVH ilipigwa kwa karibu terabiti 1 kwa sekunde, na mwanzilishi wake, Octave Klaba, alitangaza kwamba waliomshambulia walikuwa na kamera na mashine za kurekodi zaidi ya 145,000. Watafiti waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2017 walikadiria kwamba kwenye kilele chake Mirai ilikuwa na vifaa 600,000 hivi.

Walioianzisha walikuwa vijana watatu wa Marekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, ambao walikiri makosa mwaka 2017. Mashambulizi yao yalianzia kwenye ushindani wa biashara ya seva za mchezo wa Minecraft. Mwisho wa Septemba 2016 msimbo wote wa Mirai uliwekwa hadharani, na tangu hapo kila mwenye nia mbaya akaweza kuwa na toleo lake. Afrika haikusalimika. Mwingereza Daniel Kaye alilipwa na mtu wa kampuni shindani aishambulie Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia. Novemba 2016 jeshi lake la vifaa lilimwaga data nyingi kiasi cha kuvuruga intaneti ya nchi hiyo. Januari 2019 mahakama ya Uingereza ilimhukumu kifungo cha miezi 32.

Msomaji atasema: basi nitabadilisha nywila, yameisha. Hapa ndipo kisa hiki kinapomgusa mnunuzi moja kwa moja. Baadhi ya vifaa vilivyotekwa vilikuwa na sehemu zilizotengenezwa na kampuni ya China ya XiongMai, iliyouza mbao za umeme na programu kwa watengenezaji wengine, ambao nao waliuza kamera kwa majina yao. Vifaa hivyo vilikuwa na milango miwili. Mmoja ni ukurasa ambao mteja anaufungua kwenye kompyuta, na nywila yake ungeweza kuibadilisha. Mwingine ni Telnet, ambayo nywila yake ilichongwa ndani ya programu ya kifaa. Mteja aliyefuata maelekezo yote, akaweka nywila ndefu kwenye ukurasa wake, alibaki na mlango wa pili uliofunguka kwa neno ambalo dunia nzima ililijua. Baada ya shambulio la Dyn, XiongMai ilitangaza kurudisha baadhi ya bidhaa zake zilizouzwa Marekani.

Kosa la namna hiyo hakuna fundi anayeweza kulirekebisha kwa mipangilio. Kwa hiyo maswali ya kwanza dukani yawe haya: je, kifaa kinakulazimisha kuunda nywila yako kikiwashwa mara ya kwanza? Je, mtengenezaji ana tovuti yake mwenyewe, na masasisho ya modeli hii yametoka lini mara ya mwisho? Muuzaji asipojua, tafuta namba ya modeli kwa simu yako ukiwa hapohapo kaunta. Kamera isiyo na jina la mtengenezaji, au yenye jina lisilopatikana popote isipokuwa kwenye boksi, iache hata ikiwa nusu bei. Uingereza, kuanzia tarehe 29 Aprili 2024, imepiga marufuku kuuza vifaa vya namna hii vyenye nywila moja ya kiwandani kwa wote, na California ilitangulia na sheria yake iliyoanza kutumika Januari 2020.

Linalofuata ni namna ya kuunganisha. Kwa duka au nyumba ya kamera nne hadi nane, napendekeza mashine ya kurekodi, NVR, yenye matundu yake ya PoE nyuma. Kila kamera inavutiwa waya mmoja wa mtandao, unaobeba picha na umeme pamoja, usiozidi mita 100. Mbali na kupunguza waya, mpangilio huu una faida ambayo mafundi wengi hawaitaji: kamera zinakaa kwenye mtandao mdogo wa ndani ya NVR, hazina njia ya moja kwa moja kwenda nje, na mlango wa kulinda unabaki mmoja. Hakikisha waya ni wa shaba tupu. Wa alumini uliopakwa shaba ni rahisi, lakini hupoteza umeme njiani, na kamera ya mbali huzimika usiku taa zake za infraredi zinapowaka.

Kisha ruta. Mazoea ya zamani ya kufungua milango kwenye ruta ili mwenye duka aone picha akiwa safarini ndiyo yaliyoviweka vifaa vingi mbele ya Mirai. Usiruhusu. Zima pia UPnP, kipengele kinachokiacha kifaa kijifungulie milango chenyewe bila kukuuliza. Kuona ukiwa mbali, njia bora ni VPN, yaani njia ya faragha kupitia intaneti, kwenye ruta yako. Njia rahisi zaidi ni programu ya simu ya mtengenezaji, ile unayoskani msimbo wa QR, nayo inafaa kwa wengi, mradi ujue kwamba unamkabidhi mtengenezaji sehemu ya ulinzi wako. Machi 2021 wadukuzi waliipata nywila ya msimamizi mkuu wa kampuni ya Verkada ya Marekani, na wakaweza kufungua picha za kamera zipatazo 150,000 za wateja wake, zikiwamo za hospitali na magereza.

Sasa nywila na fundi. Siku ya makabidhiano akaunti ya msimamizi iwe mikononi mwa mwenye mali, na nywila aiandike yeye mwenyewe, fundi akiwa amegeukia pembeni. Mfumo usisajiliwe kwa namba ya simu wala barua pepe ya fundi, maana hapo mwenye mfumo ni yeye. Akihitaji kuingia kwa matengenezo, afunguliwe akaunti yake yenye mamlaka madogo, ifutwe kazi ikiisha. Fundi mwema hatachukia. Kwa kweli utaratibu huu unamlinda hata yeye siku jambo likitokea.

Ubora wa picha nauweka baada ya hayo yote, ingawa una hesabu yake inayofaa kujulikana. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, toleo la 2014, kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo ili mtu usiyemjua atambulike sura bila shaka. 125 zilitosha kumtambua unayemfahamu, na 25 kujua tu kwamba kuna mtu. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana, hivyo kwa kutambua sura inamudu upana wa mita 7.7. Kwa lenzi ya milimita 2.8, inayokuja na kamera nyingi, kikomo hicho kinafikiwa mita 4 tu kutoka kwenye kamera. Mwizi aliye kwenye geti mita 12 mbali utamwona, hutamtambua. Kwa hiyo weka kamera moja karibu na mlango, kimo cha mita 2.5 hivi, kwa ajili ya sura, na zile za eneo pana ziachiwe kazi ya kuonyesha nani alielekea wapi.

Diski nayo huhesabiwa kabla. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku, na kamera nane kwa siku 30 zinataka terabaiti 10 na ushei. Mfinyazo wa H.265 unaweza kupunguza hadi karibu nusu. Na kabla fundi hajaondoka, angalia saa: mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye saa za China, GMT+8, wakati Dar es Salaam na Nairobi ni GMT+3. Picha inayosema wizi ulitokea saa tano baada ya muda wake halisi itakusumbua polisi, na zaidi mahakamani. Kumbuka pia kwamba picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 na ya Kenya ya 2019. Kamera isielekezwe dirishani kwa jirani, na anayeingia dukani aone kibao kinachomjulisha kuwa kuna kamera.

Kwa ambaye mfumo wake umeshafungwa miaka mingi iliyopita, fanya jambo moja leo. Fungua ukurasa wa ruta yako, tazama kama kuna milango iliyofunguliwa kuelekea kamera au mashine ya kurekodi, na uifunge. Kisha tafuta sasisho la modeli yako. Ukikuta mtengenezaji ameiacha miaka kadhaa bila sasisho, chomoa waya unaoiunganisha mashine na ruta. Kamera zikiwa zimechomekwa moja kwa moja kwenye mashine, itaendelea kurekodi kwenye diski yake kama kawaida, na picha utazitazama kwenye skrini iliyopo hapohapo mpaka utakapoweza kununua nyingine.