Hatua Iliyorukwa: Kitabu cha Pamba na Mwanakisomo wa Kisukuma

Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 katika Kanda ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, ulipanga masomo kwa kufuata kazi ya mwanakisomo. Mkulima wa Usukuma alianza na kitabu cha pamba. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: mtu mzima hakutenganishwa na shamba lake. Lakini hatua moja ilirukwa. Kwa msemaji wa Kisukuma wa Nyakato, zao hilo ni buluba. Aliposomeshwa neno pamba, alibebeshwa herufi na lugha kwa mkupuo mmoja. Mitihani ya taifa ya 1975 nayo iliwapanga wanakisomo katika ngazi nne za kusoma na kuandika, bila kukipima Kiswahili peke yake. Aliyekwama katika lugha alihesabiwa kuwa hajui kusoma.