Ukuta Usio na Chokaa: Kazi ya Waashi wa Thimlich Ohinga

Ukuta wa Thimlich Ohinga hauna msingi uliochimbwa. Hauna chokaa wala udongo wa kushikiza, na mawe yake hayakuchongwa. Hata hivyo umesimama tangu karne ya 16, na mahali pengine kimo chake kinapita mita 4. Uko kilimani Nyatike, Kaunti ya Migori, katika eneo la Ziwa Victoria. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo wengi wanaoandika juu yake huishia kwenye heshima hiyo. Tuitazame kazi yenyewe: mwashi alifanya nini hata mawe yakakaa karne nne bila kitu cha kuyashika?

Jibu limo katika unene. Ukuta una unene wa kati ya mita 1 na 3, lakini si lundo. Ni kuta mbili, ya nje na ya ndani, zilizopandishwa sambamba, na nafasi iliyo kati yake ikajazwa mawe madogo. Nyuso mbili zimepangwa kwa jicho la fundi, jiwe kwa jiwe, hadi mawe yakabanana. Ujazo wa katikati huzuia nyuso hizo zisiangukiane, nazo nyuso huzuia ujazo usitawanyike. Uzito unaokandamiza kutoka juu huzidisha msuguano kati ya mawe ya chini, kwa hiyo kadiri ukuta unavyopanda ndivyo sehemu yake ya chini inavyokazika.

Kwa ujenzi wa namna hii mawe yasiyo na umbo moja si hasara. Kule Great Zimbabwe waashi walipata matale yanayopasuka kwa mabamba, wakayapanga safu kwa safu karibu kama matofali. Wa Nyatike walitumia mawe waliyoyakuta kilimani, makubwa kwa madogo, na kila jiwe likawa swali jipya: lilalie upande gani, likabwe na lipi? Hapo hakuna kipimo cha kurudia. Tunawasifu, na ni haki yao, wachongaji wa Tabaka kule Kisii kwa namna wanavyoligeuza jiwe laini kuwa kiboko au bakuli. Ustadi wa kuliacha jiwe gumu jinsi lilivyo na bado kulipatia mahali pake unastahili sifa ileile.

Kutokuwa na chokaa kuna faida nyingine. Mvua ikinyesha, maji hupenya kati ya mawe na kutoka. Hayakusanyiki ndani yakausukuma ukuta. Ardhi ikititia kidogo, mawe husogea kidogo na kukaa upya, pale ambapo ukuta ulioshikamana kwa saruji ungepasuka. Mistari nayo imepinda. Pembe ya mraba hutaka mawe yaliyochongwa ili pande mbili zishikane, na asiye nayo hupata udhaifu papo hapo penye kona. Ukuta unaozunguka hauna kona ya kuanzia kubomoka.

Milango ndiyo inayonivutia zaidi. Ni myembamba na mifupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu ya kubeba uzito. Maelezo ya kawaida ni ya ulinzi: mgeni aingie ameinama, mmoja mmoja, chini ya macho ya mlinzi. Ni kweli, kwani ngome za aina hii zililinda watu na mifugo. Lakini jiwe nalo lina sheria zake. Huvumilia sana kukandamizwa, ila likilazwa juu ya uwazi huvutika upande wa chini, na hapo ndipo linapovunjika. Uwazi ukipanuka, jiwe hukatika. Kwa hiyo mlango mwembamba ulimfaa mlinzi na mwashi kwa pamoja. Pwani kulikuwa na kanuni ya aina hiyo. Katika Gede, mji wenye msikiti mkuu na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, lakini upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Vifaa viliamua vipimo, na fundi mzuri aliugeuza mpaka huo kuwa mtindo.

Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa, ndiye aliyechapisha maelezo ya ngome za mawe za Nyanza Kusini mwaka 1965. Tangu hapo ngome zaidi ya 500 zimeorodheshwa katika eneo hilo. Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri kuliko zote, ikiwa na maboma manne makuu: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Karibu na Kochieng kuna mabaki ya mahali pa kufulia chuma, ushahidi kwamba boma lilikuwa pia karakana.

Walioishi humo hawakuwa kabila moja. Kizazi kilihama, kingine kikaingia, na kila waliofika walirekebisha walichokikuta. Hilo liliwezekana kwa sababu ukuta wa mawe makavu hufunguka: sehemu iliyoanguka hupangwa tena kwa mawe yaleyale. Nadhani hii ndiyo siri kubwa ya umri wake, kuliko hata unene. Katika karne ya 20 watu walitoka, wakajenga miji yao katikati ya ua wa minyaa, na mikono iliyozoea kupanga mawe ikapungua.

Mwaka 2000 World Monuments Fund ililiweka eneo hili kati ya yaliyo hatarini, na kazi ya kulikarabati ikafuata. Hatari bado ipo: mizizi hutanua nyufa, na mtu au mnyama akipanda ukuta huangusha mawe ya juu. Kishawishi cha kumwaga saruji kikija, kikataliwe kabisa, kwa kuwa saruji huziba njia ya maji na kuukakamaza ukuta ulioumbwa kusogea. Sehemu inayolegea ipigwe picha, kila jiwe litiwe namba kabla ya kuguswa, kisha lirudishwe na vijana wa vijiji vya jirani waliofundishwa kazi hiyo na kulipwa kama waashi, si kama vibarua wa kubeba mawe.