Taa ya Nane

Meli saba zimeng'oa nanga mjini Batavia, mwaka 1634, zinarudi Amsterdam. Giza likiingia kila moja inawasha taa yake ili zisipotezane. Watu wanahesabu taa juu ya maji, na zinakuwa nane.

Nikiulizwa kwa nini hadithi za upelelezi za baharini, hasa za zamani, zinamnasa msomaji, huwa naanzia hapo, kwenye The Devil and the Dark Water, riwaya ya Stuart Turton iliyotoka mwaka 2020. Wengi husema ni kwa sababu melini muuaji hana pa kukimbilia. Ni kweli, lakini hata nyumba iliyozingirwa na mafuriko ingetosha kwa hilo. Turton ameona mbali zaidi: bahari ni tupu, na penye utupu kitu kimoja kikizidi huwa ushahidi. Nchi kavu, taa ya ziada ni ya jirani. Baharini hakuna jirani. Kukipambazuka, bahari haina meli ya nane. Katika tukio hilo hakuna maiti wala tone la damu, ila hesabu iliyokataa kulingana, na hofu imeshaenea meli nzima.

Ufundi wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye mlingoti mkuu. Upande wa omo ni himaya ya mabaharia. Upande wa tezi ni wa wakubwa na abiria, na anayevuka mpaka huo anahatarisha maisha yake. Gavana Jan Haan analala kwenye vyumba vya nyuma, abiria maskini wamebanana chini ya sitaha. Turton anagawa dalili kwa kufuata matabaka hayo. Sara Wessel, mke wa gavana, anaingia kwenye vyumba vya mabibi na kusikia yanayosemwa huko. Arent Hayes, askari wa zamani mwenye umbo la jitu, anaweza kuwakabili mabaharia. Hakuna mmoja anayefika kote, kwa hiyo kila jibu linadai mtu amwamini mtu wa tabaka lisilo lake. Mpelelezi stadi mwenyewe, Samuel Pipps, Turton amemtia pingu na kumfungia gizani tangu mwanzo! Ni uamuzi wa kijasiri. Angekuwa huru angefumbua fumbo mapema mno. Akiwa kifungoni, kazi inawaangukia watu wanaokosea, wanaoogopa, na sisi tunakosea nao.

Mwaka nao haukuchaguliwa ovyo. Miaka mitano kabla, mnamo Juni 1629, meli ya Kiholanzi iliyoitwa Batavia ilipasuka kwenye miamba ya Houtman Abrolhos, karibu na Australia. Mkuu wa msafara, Francisco Pelsaert, alikwenda kwa mashua hadi mji wa Batavia kutafuta msaada. Huku nyuma Jeronimus Cornelisz na wafuasi wake waliua zaidi ya watu 100 katika manusura wenzao. Pelsaert alirudi na meli iitwayo Sardam. Meli ya Turton inaitwa Saardam. Kisa chenyewe hakisimulii, lakini anayekijua anapanda meli hiyo akiwa na woga ambao mwandishi hakuhitaji kuutengeneza. Isitoshe, ni zama ambazo watu walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo, katika riwaya, mwenye ukoma akitangaza bandarini kwamba safari imelaaniwa, abiria hawasemi huyu ni mwendawazimu. Wanatafuta nani ameleta shetani, na utafutaji huo ni hatari kuliko shetani mwenyewe.

Turton anakiri mwishoni kwamba hakujifunga na historia, na lugha ya wahusika wake ni ya leo kabisa. Hilo silioni kuwa dosari, maana woga wao ni wa wakati wao. Udhaifu ninaouona uko kwenye sura za mwisho, watu wakishatoka melini. Mlingoti haugawi tena, anayetaka kumfuata mwenzake anamfuata tu, na majibu yanaanza kutolewa kwa maelezo marefu ya mdomo. Mafumbo ni mengi, na ufumbuzi unategemea watu wengi mno kutunza siri moja kwa muda mrefu mno. Ndani ya Saardam ningekubali hata hilo, kwa sababu kila ukuta ulikuwa unawasaidia kuificha.